Kupima daraja la sarafu za kale: faida yake, gharama yake na mipaka yake

Katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Sohar, Dubai au London, kuna kopo la maziwa, kijaluba cha bati au fundo la kitambaa lenye sarafu za kale. Nyingine baba alizileta kutoka Unguja, nyingine bibi alizivaa shingoni, nyingine babu alilipwa kwa karafuu au pembe. Wazee wanapofariki, watoto hulifungua lile kopo na kuulizana: je, hii ni mali au ni kumbukumbu tu? Na kama ni mali, ni nani wa kuaminiwa aseme thamani yake?

Makala haya yanaeleza kazi ya kampuni zinazopima daraja la sarafu, ambazo siku hizi majina yao husikika kila mnada unapofanyika. Nitaeleza zinafanya nini, zilianzaje, zinafaa kwa sarafu zipi katika zile tunazozikuta majumbani mwetu, na ni wapi mtu atatupa fedha yake bure.

Mimi ni karani mstaafu. Nilizaliwa Tabora kwa baba mwenye duka, nikasoma shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, kisha nikaja Maskati katika miaka ya 1970 na kushika daftari za hesabu mpaka nilipostaafu. Sarafu nimezikusanya kwa zaidi ya miaka 40. Si muuzaji, na sina fungu katika kampuni yoyote nitakayoitaja.

Daraja ni nini

Bei ya sarafu ya kale hutegemea mambo manne: kama ni halisi au ya kughushi, ni adimu kiasi gani, imetengenezwa kwa madini gani, na hali yake ikoje. Hali hiyo ndiyo huitwa daraja. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizopigwa kwa kalibu moja siku moja, zaweza kuachana bei mara 10 au zaidi, kwa sababu moja ilikaa sandukuni na ya pili ilizunguka sokoni miaka 40.

Taabu ni kwamba daraja lina maslahi ndani yake. Anayenunua hupenda kuliona la chini, na anayeuza hupenda kuliona la juu. Mtu yule yule akinunua kwako atakuambia, "Imelika hii, mzee wangu," na kesho akiiuza atamwambia mteja, "Kama imetoka kiwandani leo." Kampuni ya kupima daraja huingia hapo kama mtu wa tatu. Yenyewe hainunui sarafu yako wala haiiuzi. Inatoza ada, inaichunguza, inaandika maoni yake, kisha inaifunga sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba.

Kazi hii ilianzaje

Kipimo kinachotumika leo kilitoka Marekani. Mwaka 1949 mtu aitwaye William Sheldon alichapisha kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za zamani za nchi hiyo, na humo akaweka ngazi ya 1 mpaka 70. Nia yake ilikuwa namba ifuatane na bei: sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Soko halikukubali kufungwa namna hiyo na hesabu ile ya bei ikafa, lakini namba zenyewe zikabaki. Mwaka 1977 chama cha wakusanyaji wa Marekani, American Numismatic Association, kilitoa vipimo rasmi vilivyotumia ngazi hiyo kwa sarafu zote za nchi yao.

Chama hicho kilikuwa kimekwisha kuanzisha idara yake, ANACS, mwaka 1972, kwanza kwa ajili ya kutambua sarafu halisi na za kughushi. Mwaka 1979 idara hiyo ikaanza kutoa na madaraja pia. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1986 ilipofungua kazi kampuni ya PCGS, na 1987 ilipofuata NGC. Hizi ndizo zilizoeneza desturi ya kufunga sarafu ndani ya kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Tangu hapo mnunuzi wa Tokyo aliweza kununua sarafu iliyoko New York bila kuishika mkononi. Leo kampuni hizi mbili ndizo zinazoaminiwa zaidi katika minada ya dunia, na hupokea sarafu za nchi zote, zikiwemo za Zanzibar, Oman na Afrika Mashariki.

Sarafu inapitia nini

Sarafu ikifika huandikwa katika daftari na kupewa namba. Jina la mwenyewe halifiki kwa wapimaji. Wapimaji huitazama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoa rai yake, kisha mkubwa wao hukata shauri. Hutazama kwanza kama ni halisi: uzito, kipenyo, ukingo, umbo la herufi, na penye shaka hupimwa madini yake kwa mashine ya miale isiyoidhuru sarafu. Baada ya hapo hutazama kulika, mikwaruzo, mng'aro na nguvu ya chapa. Mwisho hufungwa kashani.

Namba iliyo juu ya lebo unaweza kuitafuta katika tovuti ya kampuni, nayo itakuambia ni sarafu gani na ilipewa daraja gani, mara nyingi pamoja na picha yake.

Namna ya kusoma lebo

Msomaji akiona herufi na namba juu ya kasha, azisome hivi:

1 hadi 3 (PO, FR, AG): imelika mno, aina yake yatambulika kwa shida.

4 hadi 10 (G, VG): umbo kubwa laonekana, ndani mwake kumefutika.

12 na 15 (F): imelika sawasawa, maandishi yote yasomeka.

20 hadi 35 (VF): imetumika, lakini nakshi nyingi zingali wazi.

40 na 45 (XF): imelika kidogo katika sehemu zilizoinuka tu.

50 hadi 58 (AU): imegusa soko kidogo sana, mng'aro wa asili bado upo.

60 hadi 70 (MS): haikutumika kabisa. Tofauti ya 60 na 70 ni mikwaruzo ya mfukoni mwa kiwanda na uzuri wa chapa.

PF au PR: hili si daraja bali ni aina, yaani sarafu iliyopigwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya heshima au wakusanyaji.

Sarafu za shaba huongezewa herufi za rangi: RD kwa nyekundu kama mpya, RB kwa nyekundu iliyochanganyika na hudhurungi, BN kwa hudhurungi.

Kuna neno moja ambalo kila mwenye kopo la sarafu nyumbani anapaswa kulijua, nalo ni "Details". Likiandikwa, maana yake sarafu ni halisi, lakini ina ila iliyoizuia kupata namba safi: imesafishwa, imetobolewa, imekwaruzwa, au imetolewa katika pambo. Ila yenyewe huandikwa pale pale. Sarafu ya namna hiyo huuzwa, ila kwa bei pungufu sana.

Sarafu zetu, moja moja

*Reale ya Maria Theresa.* Hii ndiyo wengi wetu tunayo. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780 kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na Afrika walikataa nyingine. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Hapa Oman ilitumika mpaka ilipokuja Riali Saidi mwaka 1970. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu yake haukuambii umri wake. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 katika 1000, yaani kama gramu 23.4 za fedha safi. Ukingoni ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ya kawaida huuzwa kwa bei ya fedha yake na nyongeza kidogo, basi ada ya kuipima hula nyongeza yote. Usiipeleke, isipokuwa mjuzi amekuambia kwamba yako ni ya mapigo ya mwanzo au ya kiwanda adimu.

*Sarafu za Seyyid Barghash.* Mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, Sultani Barghash bin Said alitoa sarafu kwa jina lake: reale za fedha na vipande vyake, za dhahabu, na pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Pesa ya shaba ni nyingi, na iliyolika haistahili gharama. Ikiwa ingali na wekundu wa shaba mpya, hilo ni jambo jingine. Reale ya fedha ni adimu, na ya dhahabu ni adimu zaidi. Hizi zipelekwe, kwanza kwa ajili ya kuthibitishwa kuwa ni halisi, kisha ndiyo daraja, kwa sababu sarafu adimu ndiyo inayovutia waghushi.

*Rupia ya Mombasa ya 1888.* Ilitolewa na kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ile kabla ya serikali, Imperial British East Africa Company. Ina jua na taji upande mmoja, mizani upande wa pili, na herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Iliyolika huuzwa kwa bei ya wastani. Ile iliyobaki na mng'aro hupanda sana kwa kila daraja, na hapo kasha hulipa gharama yake.

*Sarafu za Tabora za 1916.* Hapa naomba nisamehewe kwa kuelemea kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, walipiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu yenye tembo na mlima. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, na kazi ikaisha. Dhahabu hizo zilikuwa 16,198 tu. Uzito wake ni gramu 7.168, na dhahabu ni sehemu 750 katika 1000. Nakala zake za kughushi zimezagaa. Mzani mdogo wa sonara utakuondolea nyingi katika hizo, maana shaba iliyopakwa dhahabu kwa ukubwa ule ule itakuwa nyepesi, uzito wake ukaribie nusu. Lakini mwenye kughushi kwa dhahabu ya kweli hakamatwi na mzani, na hapo ndipo jicho la mpimaji hustahili ada yake.

Heller 20 za Tabora zinafundisha jambo jingine. Kalibu zilikuwa hafifu na kazi ilifanywa kwa haraka, hivyo sarafu nyingi zilitoka mashineni zikiwa na chapa dhaifu. Mtu asiyezijua huona zimelika, na kumbe hazikutumika. Muuzaji wa vipuli na vikuu sokoni hawezi kutofautisha. Mpimaji mzoefu hutazama mng'aro katika sehemu zilizoinuka: kulika huuondoa, chapa dhaifu haiuondoi.

*Robo anna ya Maskati.* Shaba za Sultani Faisal bin Turki, hasa za mwaka 1315 wa Hijria, zilipigwa kwa wingi na zipo katika kila soko la vitu vya kale hapa. Ziwekeni kwa mapenzi. Kuzipima kuna faida kwa zile nzuri mno peke yake.

*Shaba za Kilwa.* Sarafu ndogo za masultani wa Kilwa ni habari nyingine kabisa. Thamani yake kubwa ni mahali zilipookotwa na tabaka la udongo lililozifunika, na hayo kasha haliwezi kuyaandika. Mwenye kuziokota Kilwa au Mafia aziache mahali pake na awaite watu wa mambo ya kale.

Majivu, ndimu na lehemu

Katika sarafu nilizoonyeshwa tangu nistaafu, kilichoharibu thamani yake mara nyingi hakikuwa miaka wala kutu. Kilikuwa mkono wa mwenyewe. Mama zetu walisugua vyombo vya shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu mpaka viking'ara, na sarafu nazo zikapata hisani hiyo hiyo. Asidi ya ndimu hula ngozi ya juu ya madini, na majivu huacha michirizi myembamba inayoonekana chini ya kioo. Sarafu hung'aa, lakini si mng'aro uliotoka kiwandani, na mpimaji huutambua kwa mara moja. Ule weusi au rangi ya bluu iliyokaa juu ya fedha kwa miaka 80 ndiyo hati ya kwamba haikuguswa. Msiuondoe.

La pili ni lehemu. Reale na dhahabu nyingi zilifungwa pete juu kwa lehemu ili zivaliwe katika kidani. Pete ikiondolewa huacha kovu ukingoni, hata sonara akilipiga msasa namna gani. Dhahabu nyingi za Tabora zimepatwa na haya. Sarafu kama hiyo itarudi na neno "Details", na ni haki. Ushauri wangu ni kwamba kama kidani cha bibi kingali kizima, kiacheni kizima. Ni pambo la fedha lenye historia yake, na kukivunja ili kupata sarafu yenye kovu ni kupoteza mara mbili.

Hesabu kabla ya kupeleka

Ada za kampuni hufuata thamani ya sarafu na haraka unayoitaka, nazo hubadilika, kwa hiyo zitazameni zilivyo siku hiyo. Lakini ada siyo gharama yote. Kuna posta ya kwenda na kurudi, bima, ushuru wa forodha penginepo, na fungu la wakala. Jumlisheni vyote, mgawe kwa idadi ya sarafu.

Tuseme, kwa mfano tu, kila sarafu inakugharimu dola 60. Sarafu ya dola 40 hata ikipata daraja zuri haitarudisha gharama. Sarafu inayouzika dola 150 mkononi na dola 350 ikiwa kashani itakuachia dola 140 baada ya gharama. Na sarafu ambayo ikiwa halisi ni dola 2,000, na ikiwa bandia ni sifuri, ilipiwe bila kusita, maana hapo unanunua jibu.

Kwa desturi yangu hujiuliza maswali matatu. Je, kuna shaka ya kughushi? Je, daraja moja juu au chini lageuza bei sana? Je, nina nia ya kuuza, au kugawa, au kuweka bima? Majibu yote yakiwa hapana, sarafu ibaki katika bahasha ya karatasi, pakavu, na isimpe mtu hasara.

Kasha lisichoweza kufanya

Kwanza, daraja ni maoni ya watu, ijapokuwa ya watu waliozoea. Sarafu ile ile ikitolewa kashani na kurudishwa yaweza kupata 62 leo na 63 mwakani. Wapo wafanyabiashara wanaoishi kwa kuvunja makasha na kupeleka tena mpaka wapate namba waitakayo. Kwa hiyo nunueni sarafu kwanza, namba baadaye.

Pili, si kila kasha lina uzito sawa. Yeyote aweza kununua plastiki na mashine ya kuchapa lebo. Zipo kampuni ndogo zinazompa mteja daraja analolipenda, na soko huzijua. "MS 65" ya kampuni isiyojulikana haina maana zaidi ya maneno ya muuzaji mwenyewe.

Tatu, makasha ya kampuni kubwa nayo hughushiwa, na humo huwekwa sarafu bandia, au halisi yenye daraja la uongo. Wakati mwingine namba iliyoandikwa ni ya kweli, imenakiliwa kutoka sarafu nyingine. Basi mtu asitosheke kuona kwamba namba ipo. Aandike mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, aitafute namba, na ailinganishe picha doa kwa doa.

Nne, dhamana. Kampuni kubwa huahidi kufidia zikithibitika zimekosea, lakini dhamana hizo zina masharti, hasa kwa shaba, ambayo rangi yake hubadilika hata ndani ya kasha. Yasomeni masharti kabla ya kuyategemea.

Tano, kampuni hutoa hesabu ya sarafu ngapi za kila aina zimepimwa. Muuzaji atakuambia, "Zipo 3 tu duniani." Sivyo. Zipo 3 zilizopelekwa. Sarafu za Marekani zimepelekwa kwa mamilioni, lakini za kwetu nyingi zingali katika makopo ya maziwa. Tena sarafu moja ikipelekwa mara mbili yaweza kuhesabiwa mara mbili. Hesabu ndogo kwa sarafu ya Zanzibar huenda ikaonyesha kwamba watu wetu hawajaanza kupeleka, na haitoshi peke yake kuthibitisha uadimu.

Sita, sarafu mpya za fedha na dhahabu zinazouzwa na namba 70 kwa bei mara mbili au tatu ya madini yake. Viwanda vya leo hupiga vizuri, na 70 ni za kawaida. Huyo ananunua plastiki.

Kupeleka kutoka Ghuba

NGC makao yake ni Florida, na ina ofisi Munich na London. PCGS iko California, na ina ofisi Paris. Zote mbili hupokea sarafu kupitia wafanyabiashara walioidhinishwa, na orodha yao imo katika tovuti za kampuni. Thibitisheni jina huko kabla ya kumkabidhi mtu chochote. Kisha:

Pigeni picha za pande zote mbili na ukingo, kwa mwanga wa mchana. Pimeni uzito kwa mzani wa gramu wenye nukta mbili, mwandike.

Shikeni sarafu kwa ukingo, si kwa uso wake. Msitumie mifuko laini ya plastiki yenye PVC, maana huacha utando wa kijani.

Dai risiti inayoeleza kila sarafu peke yake. Risiti iliyoandikwa "sarafu 7 za kale" haikulindi.

Ulizeni forodha ya nchi mliyomo kuhusu ruhusa ya kutoa na kurudisha vitu vya kale. Sheria za mambo ya kale hazifanani, na Oman, Tanzania na Kenya kila moja ina zake.

Padri aliyetufundisha hesabu alikuwa hakubali jibu lisilo na njia yake kando. Risiti, picha na uzito ndiyo njia ya jibu.

Mirathi

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Naliona mara kwa mara, na sarafu siyo inayoumia.

Mjane mmoja aliuza kidani na sarafu kadhaa za mumewe kwa kilo, kwa bei ya fedha ya siku ile. Mwanawe aliniletea picha aliyokuwa amepiga kabla. Miongoni mwake ilikuwamo reale ya Barghash, safi, isiyo na kovu. Aliyeinunua hakudanganya kwa mdomo. Hakusema kitu tu. Hakuna mahakama iliyoweza kuwasaidia, maana aliuza kwa hiari yake.

Ndugu wawili nao walikaa mwaka mzima hawasemezani kwa ajili ya dhahabu moja ya Tabora. Mkubwa alisema ni mali kubwa, mdogo akasema ni bandia na kaka anataka kuikuza ili ahesabiwe amechukua kidogo kwingine. Sarafu ikapelekwa. Ilirudi ni halisi, nakshi za XF, na ila ya kutolewa katika pambo. Kaka alikuwa sahihi kwa nusu na mdogo hakuwa sahihi, lakini wote wawili walikubali karatasi ya mtu asiye na fungu katika nyumba ile. Iliuzwa mnadani, wakagawana pamoja na dada zao, na dada ndio waliofurahi zaidi, kwa sababu katika mabishano yale hakuna aliyekuwa amewataja.

Hii ndiyo faida ninayoiona kubwa kuliko bei. Kisheria na kidini, warithi hugawana thamani, na thamani isiyojulikana huzaa dhana. Maoni ya mtu wa tatu, hata yakiwa na kasoro nilizozieleza, huwapa warithi kitu kimoja cha kutazama wote.

Basi wazee wenzangu, tusiwaachie watoto kopo. Chukueni daftari. Kwa kila sarafu andikeni: aina na mwaka, uzito, ilikotoka na kwa nani, kama imewahi kusafishwa au kufungwa pete, na kama imepimwa, jina la kampuni na namba ya cheti. Sarafu isiyostahili kupimwa iandikwe hivyo, ili mjukuu asije akapoteza fedha kwa matumaini. Wekeni nakala ya daftari mahali pengine mbali na sarafu zenyewe, na mwambieni mtu mmoja wa nyumbani mahali ilipo. Kazi yote ni ya jioni mbili, na haina ada.